Asimina Karvouni na Mifupa ya Askari wa Valdarsa

Ndugu, majirani na wote mliopanda mlima leo kumsindikiza marehemu,

Tarehe 7 Machi 1943, askari wa kombania ya tatu ya Divisheni ya Valdarsa, jeshi la miguu la Italia, walimchukua Lambros Karvounis mlangoni pa nyumba yake hapa Kalamovrisi, yeye na nyumbu wake wawili wa mizigo, na hawakumrudisha. Hawakumrudisha akiwa hai, hawakumrudisha akiwa maiti, na mpaka leo hakuna aliyesema amelazwa wapi. Huo ndio ubaya aliotendewa mkewe, marehemu Asimina. Wasifu wake ungeanza na kuzaliwa, kama wasifu wa watu wengine, lau angeachiwa maisha kama ya watu wengine.

Marehemu alizaliwa tarehe 15 Agosti 1921, siku ya Mama wa Mungu, kijiji kizima kikiwa kanisani, mkunga pamoja nao. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Apostolis Gouzias, mchunga kondoo, na mama Malamo. Waliomkumbuka utotoni walisema alikuwa mtoto wa kuuliza. Alimfuata padri Stergios, padri wa hapa wakati huo, mpaka shambani kwake akitaka kujua malaika wanakula nini wakati wa mfungo. Padri alimjibu, "Wanakula maswali ya watoto kama wewe, ndiyo maana hawanenepi." Asimina akaenda zake. Kesho yake alirudi kuuliza kama maswali yana nyama ndani yake.

Alisoma madarasa mawili katika shule yetu ya zamani, ile ya mawe iliyokuwa juu ya chemchemi. Baba yake alipopata kondoo wengi kuliko watoto wa kuwachunga, akamtoa. Alijifunza kusoma majina yaliyochorwa juu ya vichwa vya watakatifu kanisani na bei za sokoni, basi. Binti yake Evanthia hakupata hata hayo mawili. Askari wa Valdarsa waliokuwa wakilala ndani ya shule hiyo walichoma madawati kwanza, wakiota moto, kisha siku ya kuondoka wakachoma na shule yenyewe. Ilipojengwa nyingine, Evanthia alikuwa msichana mkubwa na mbuzi wa watu nyuma yake.

Tarehe 21 Januari 1940 Asimina aliolewa na Lambros, mtoto pekee wa mama Zisena, mjane. Tangu siku hiyo watu walimwita Lambrena, kwa jina la mumewe, kama tunavyowaita wanawake wote walioolewa hapa. Lambros alikuwa mwendesha nyumbu. Alibeba jibini kushuka bondeni na chumvi kupanda, na alikuwa akichechemea. Akiwa mvulana alipigwa teke na nyumbu, mfupa wa muundi wa kushoto ukavunjika, ukaunga vibaya na kuacha nundu kubwa kama yai la kuku. Kwa sababu ya nundu hiyo jeshi letu lilimkataa vita ilipoanza. Wenzake walikwenda kupigana na Waitalia kwenye theluji ya Albania. Yeye akabaki na aibu yake. Marehemu alikuwa akimwambia, "Usione haya, Lambros. Wewe nyumbu alikuwahi kabla ya Waitalia."

Waitalia walifika hapa Juni 1941. Asimina alitoka nje kuwatazama, ingawa mama mkwe wake alikuwa amefunga madirisha. Walikuwa na vitambaa vya njano na vyeusi kwenye ukosi, viatu vibovu na magitaa mawili. Alimuuliza mmoja wao, kwa vidole na kwa maneno machache, kwa nini wamekuja vitani na magitaa. Askari alimjibu kwamba waliambiwa vita itakuwa fupi.

Mwaka wa kwanza walikuwa wakiomba mayai, mwaka wa pili wakawa wanayachukua. Walichukua mafuta ya zeituni, mablanketi, kengele za kondoo, na yeyote aliyekutwa barabarani baada ya giza alilala kwenye banda la shule akiwa amevimba uso. Kiongozi wao alikuwa Luteni Ubaldo Trasciatti, mtu mrefu, msafi, aliyejua kusema "tafadhali" kwa Kigiriki na kulisema kila alipochukua kitu. Wapo waliokuwa wakisema, na wapo wanaosema mpaka leo kwenye mgahawa, kwamba Waitalia walikuwa watu wazuri, waimbaji, si kama wale waliokuja baada yao. Marehemu hakuwahi kubishana nao. Alikuwa akiwauliza tu, "Wewe walikuchukulia nani?"

Tarehe 6 Machi 1943 wapiganaji wetu wa milimani waliushambulia msafara wa Valdarsa chini kwenye mto na kulipua daraja. Kesho yake, Jumapili ya jibini, siku ya mwisho kabla ya Kwaresima, kombania ya tatu ilipanda hapa ikiwa na majeruhi. Kwa kuwa barabara ya bondeni ilikuwa imekatika, walitaka kuwapeleka majeruhi hao juu kwenye kituo chao cha mlimani, kwenye kikanisa cha Nabii Eliya. Walihitaji nyumbu. Asimina alikuwa ametoa mkate wa jibini jikoni, una moto bado, na mimba yake ilikuwa changa, yeye na Lambros peke yao ndio walioijua. Luteni alisimama mlangoni.

"Tafadhali," alisema. "Mume wako na wanyama. Kesho atarudi, mama. Ni neno la afisa."

Asimina alimuuliza, "Kesho asubuhi au kesho jioni?"

Luteni alicheka. Lambros alivaa joho lake la manyoya ya mbuzi, lile alilofumiwa na mama yake, akakata kipande cha mkate akakitia kifuani. Alisema, "Niwekee kilichobaki, kabla hujakila chote ukaniambia ni mfungo." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho tunayoyajua. Msafara ulipopita kona, askari waliobaki nyuma walichoma shule na nyumba za mtaa wa juu. Siku chache baadaye nyumbu mmoja alirudi peke yake, kamba yake imekatwa kwa kisu.

Septemba ya mwaka ule ule Italia iliweka silaha chini na Divisheni ya Valdarsa ikayeyuka kama theluji ya Aprili. Askari waliokuwa wakitupiga mateke mwezi Agosti walishuka kutoka vituoni wakiuza viatu ili wapate mkate. Wengine walichukuliwa na watu wa vijiji kuwa vibarua, wakapasua kuni na kulala mazizini, mpaka Wajerumani walipokuja kuwakusanya. Asimina, tumbo likiwa limemtangulia, alizunguka zizi kwa zizi. Kila mmoja alimuuliza, "Kombania ya ngapi? Machi ulikuwa wapi?" Huyu alisema ya pili, yule alisema mpishi, mwingine alilia tu. Hivyo ndivyo alivyoanza kuijua divisheni ile: kwamba ilikusanywa kwenye milima ya Abruzzo, kwamba vijana wake wengi walikuwa wachunga kondoo kama baba yake, kwamba kombania ya tatu ilikuwa ya Trasciatti na ilihamishiwa magharibi kabla ya kiangazi. Evanthia alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1943. Mwitalia mmoja, kibarua wa jirani, ndiye aliyekimbia kumwita mkunga. Naye alikuwa wa kombania ya pili.

Watoto wa kijiji waliopanda kituoni kutafuta maganda ya risasi walikuta kaburi moja pembeni ya kikanisa, msalaba wake wa mbao za sanduku, jina limefutwa na mvua. Mnamo Mei 1946, ilipotimia miaka mitatu, mama Zisena alisema huyo ni mwanawe na wakati wa kumtoa umefika, kama tunavyowatoa wafu wetu wote, kuwaosha mifupa kwa divai na kuwaweka kwenye chumba cha mifupa nyuma ya kanisa. Walikwenda wanawake, padri Stergios na makoleo. Walipoondoa udongo, kitu cha kwanza kilichoonekana kilikuwa joho la manyoya ya mbuzi. Mama Zisena aliushika mshono. "Huu ni uzi wangu," alisema, kisha akapiga kelele ambayo wanawake wa mtaa wa chini waliisikia.

Nani angeuliza zaidi? Joho ni la Lambros, aliyevikwa ni Lambros. Lakini aliyepewa bakuli la divai ni mke, na mke alikuwa mtu wa kuangalia. Asimina aliosha fuvu, akaosha mikono, akafika miguuni. Alichukua mifupa miwili ya miundi akailaza sambamba juu ya kitambaa.

"Mama," alisema taratibu, "hii yote miwili imenyooka."

"Udongo huinyoosha."

"Mama, udongo haunyooshi mfupa."

"Mkwe wangu," alisema mama Zisena, "wewe una mtoto nyumbani mwako. Mimi nilikuwa na mmoja huyu. Usininyang'anye. Osha."

Padri Stergios aliendelea kusoma, macho kitabuni. Asimina aliosha. Aliosha vizuri, hakuacha udongo hata kwenye kidole, kwa sababu, alivyosema baadaye, yeyote aliyekuwa pale alikuwa na mama mahali fulani. Mifupa iliwekwa kwenye sanduku lililoandikwa Lambros Karvounis. Kila Jumamosi ya Wafu alipika ngano yenye zabibu na sukari, akawasha taa, akasimama mbele ya mtu asiyemjua. Alishika ulimi mpaka mama Zisena alipozikwa, mwaka 1961. Siku ya arobaini ya mkwewe ndipo alipomwambia Evanthia, na wiki iliyofuata akawaambia wanawake chemchemini.

Kazi za marehemu zilikuwa nyingi na hazikuwa na jina. Alichuma tumbaku ya watu bondeni, alikamua kondoo, alifuma mablanketi mazito ambayo bado yamo katika nusu ya nyumba za hapa, na nyumbu yule aliyerudi alimwendesha mwenyewe, kazi ya mwanamume, watu wakimcheka mpaka walipohitaji chumvi. Lakini kazi aliyoipenda ilikuwa kuuliza. Magari ya watalii yalipoanza kupita kwenda kupiga picha milima, yeye alikaa chemchemini na kusikiliza lugha. Akisikia Kiitalia alikwenda. Vijana wawili kutoka Bologna walikuwa wakila tikiti maji kwenye kivuli alipowasimamia na fimbo yake.

"Babu yako alikuwa kombania ya ngapi?"

"Bibi, babu yangu alikuwa kinyozi."

"Kinyozi wa kombania gani?"

Wanaume wa mgahawani walikuwa wakimtania: "Lambrena, umempata Mwitalia wako leo?" Yeye aliwajibu, "Bado. Na wewe, Vangelis, mkeo umempata, au bado yuko kwa mama yake?" Walicheka. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda naye Nabii Eliya kupiga koleo mahali pengine. Hilo lisemwe hapa mbele yao, kwa kuwa yeye alikuwa mpole mno kulisema.

Agosti 1987 mzee mmoja wa Kiitalia alisimama mbele ya magofu ya shule, kofia mkononi, akilia. Marehemu alimwona kutoka kibarazani. Hakukimbia. Aliweka kwenye sinia cheri za sukari na glasi ya maji, kama tunavyompokea mgeni, akavuka barabara.

"Kula," alimwambia. "Kombania ya ngapi?"

"Ya tatu," alisema yule mzee kwa Kigiriki cha kuombea mayai na kuku.

Jina lake lilikuwa Settimio Colarossa. Marehemu alimketisha kibarazani, akamwita Evanthia asikilize, akamuuliza kuhusu kaburi la kikanisani kabla hajamaliza maji. Settimio alijua. Aliyekuwa ndani yake alikuwa Koplo Nunzio Di Pillo, aliyepigwa risasi ya tumbo kule mtoni.

"Na joho?" marehemu aliuliza. "Limemfikiaje joho la mume wangu?"

Settimio alisema Nunzio alikuwa akitetemeka juu ya nyumbu. Mwendesha nyumbu, yule kilema, alivua joho lake akamfunika. Hakuambiwa na mtu. Alitembea njia nzima na shati tu kwenye theluji, akimwambia nyumbu maneno ya kubembeleza. Nunzio alikufa kituoni kulipopambazuka, na mwendesha nyumbu ndiye aliyechimba kaburi, kwa kuwa askari walikuwa wamechoka. Alimzika Nunzio na joho lake. Alisema si vizuri kumvua mtu aliyeanza kupata joto.

Marehemu alifunika uso kwa mtandio. Kisha akaufunua, kwa sababu swali lilikuwa limebaki.

"Na baada ya kuzika?"

Settimio aliangalia viatu vyake.

"Baba," Evanthia alimwambia, "mama yangu amekuuliza."

"Luteni alitoa amri," alisema Settimio. "Sisi tulikuwa watatu na yeye wa nne. Tulimwapia, mkono juu ya msalaba wa Nunzio, kwamba hatutasema. Wawili wamekufa. Luteni yu hai. Mimi ni mtu wa kiapo, bibi. Akifa yeye, nitakuambia ni wapi."

Evanthia alisimama akamwambia maneno ambayo hayafai kusomwa mbele ya jeneza. Marehemu alimvuta mkono akamketisha. Alimuuliza Settimio kitu kimoja tu: kama Nunzio ana ndugu.

Alikuwa na dada. Concezia Di Pillo alikuja mwaka uliofuata, mwezi Juni, amevaa nyeusi kama sisi, na lozi za sukari kwenye mfuko. Marehemu alitoa sanduku, akaosha mifupa ile tena kwa divai nyekundu, mbele ya dada mtu.

"Mbona ina rangi hii?" Concezia aliuliza.

"Ni divai. Nimempa zaidi ya mgao wake."

"Hakuwa akinywa," Concezia alisema, huku akilia na kucheka. "Mama alimkataza."

"Basi usimwambie mama."

Waliketi wamepakata sanduku, kila mmoja upande wake, wakila lozi. Marehemu alitaka kujua kila kitu: Nunzio aliimba sauti gani, alichunga kondoo wangapi, alimpenda nani. Wapo waliosema hapa kwamba Lambrena amewapa Waitalia mtakatifu wake bila kudai chochote. Si kweli. Alidai aambiwe Lambros yuko wapi. Concezia alikwenda mpaka mlangoni kwa Luteni Trasciatti, mjini kwao, mara mbili. Alifunguliwa na mtumishi, akaambiwa bwana amepumzika. Koplo Nunzio leo ana jiwe la marumaru lenye jina na picha, na siku ya kumzika bendi ya mji ilipiga. Evanthia hana neno na Nunzio. Ana neno na marumaru.

Februari mwaka huu Concezia alipiga simu: luteni amekufa kitandani kwake, mzee wa miaka themanini na mitatu, na wanajeshi wastaafu walibeba jeneza. Marehemu alivaa nguo ya kanisani kabla ya kumpigia Settimio, kana kwamba angemwona. Binti yake Settimio alisema baba hasikii vizuri siku hizi. Wakati wa Pasaka alisema baba amesahau mambo ya zamani. Agosti Settimio mwenyewe ndiye aliyepokea. Alisema, "Bibi, tumwachie Mungu," akakata.

Marehemu alianza kuvimba miguu wakati wa mavuno ya tumbaku. Mwezi Septemba alilazwa hospitali mjini Larissa kwa ugonjwa wa moyo. Huko alimuuliza daktari moyo una vyumba vingapi, na alipoambiwa vinne, akataka kujua ni kipi kilichoharibika na kama vile vitatu vina habari. Manesi walimpenda. Aliomba arudishwe nyumbani. Siku ya Alhamisi, tarehe 3 Novemba 1994, saa nne asubuhi, akiwa kitandani pake, dirisha limefunguliwa upande wa mlima kama alivyotaka, alimuuliza Evanthia kama simu imelia. Evanthia alisema hapana. Akafa akisubiri, na si kweli, padri atusamehe, kwamba alikufa kwa amani.

Ameacha binti mmoja, Evanthia, mkwe, Thodoris, wajukuu wawili, Lambros na Zisoula, kitukuu mmoja mchanga aliyepewa jina lake, mdogo wake, Malamati, aliyefika leo kutoka Volos, na Concezia Di Pillo, aliyesafiri tangu jana na kusimama hapa pamoja na familia, kwa kuwa familia imemtaka asimame hapo. Udongo wa Kalamovrisi umlalie mwepesi Asimina, nao Mungu aliyeumba masikio ampe pa kuuliza mpaka ajibiwe.

Kinachobaki kudaiwa ni hiki. Kijiji hiki kinadaiwa makoleo: miaka hamsini na moja mlima uko palepale na sisi tuko palepale. Wale waliotuletea Divisheni ya Valdarsa wanadaiwa kukiri kwamba Lambros Karvounis aliuawa na askari wao baada ya kumzika askari wao. Na Settimio Colarossa, ambaye yu hai, ana simu nyumbani, na ambaye mtu aliyemwapia yuko chini ya ardhi tangu Februari, anadaiwa jina la mahali. Hakuapa kumnyima mjane. Alimwambia mwenyewe kwamba atasema luteni akifa, na kifo hicho kimeshapita. Asimina hawezi tena kumpigia. Evanthia atapiga kesho asubuhi.